Mkia mrefu una nguvu gani ndani ya yai la chura?

Yai la chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, lina kipenyo kinachozidi milimita 1 kidogo. Unaliona bila darubini. Likisharutubishwa, hugawanyika mara ya kwanza baada ya kama dakika 90, kisha takriban kila nusu saa, mpaka zifike seli 4,000 hivi. Muda wote huo jeni za kiinitete chenyewe zimenyamaza, karibu zote. Mwaka 1982 John Newport na Marc Kirschner walionyesha kwamba zinaanza kufanya kazi kwa nguvu baada ya mgawanyiko wa 12. Kabla ya hapo kiinitete kinaishi kwa akiba ya mama: jumbe za RNA, yaani nakala za jeni zake, alizozinakili na kuzihifadhi ndani ya yai lilipokuwa likikua kwenye ovari.

Ikiwa jumbe hizo zote zipo tayari, nani anaamua upi usomwe leo kutengeneza protini na upi uendelee kungoja? Jibu lililoshika kwa miaka mingi ni mkia. Mwishoni mwa karibu kila ujumbe kuna msururu wa adenini, herufi A ya RNA, na huo ndio mkia. Katika yai changa, jumbe nyingi zilizowekwa akiba zina mikia iliyofupishwa, na hazisomwi. Homoni ya projesteroni ikifika, mikia ya baadhi yake hurefushwa, protini zinatengenezwa, na saa chache baadaye doa jeupe linatokea kwenye nusu ya yai yenye rangi ya kahawia. Hapo yai limekomaa.

Utaratibu wake unajulikana vizuri. Maabara ya Joel Richter huko Massachusetts iliitambua CPEB, protini inayoshika alama fupi karibu na mwisho wa ujumbe, yenye herufi kama UUUUUAU. CPEB hukaa na vimeng'enya viwili vinavyopingana: PARN hukata mkia, GLD2 huurefusha. Projesteroni inapoamsha yai, CPEB inabandikwa fosfeti, PARN inaondoka, na GLD2 inabaki bila mpinzani.

Ushahidi unaonivutia zaidi upande huu ni jaribio la maabara ya Marvin Wickens, Wisconsin, lililochapishwa 1995. Walikata kipande cha mwisho cha ujumbe wa c-mos, jeni ambayo protini yake inahitajika yai likomae, ndani ya yai changa, na yai likashindwa kukomaa. Kisha wakaingiza RNA ya bandia yenye alama za kurefusha mkia, inayojishikiza kwenye ujumbe uliokatwa. Mkia ukarudi, yai likakomaa. Ni vigumu kutazama matokeo hayo ukasema mkia ni pambo.

Hata hivyo, wapo waliosema mkia umepewa sifa kuliko unavyostahili, na hoja zao si za kupuuzwa. Alama ileile inayoita kurefushwa kwa mkia ndiyo inayozuia ujumbe kusomwa kabla ya wakati, kupitia CPEB na wenzake. Kwa hiyo, wanasema, huenda jambo kubwa ni kizuizi kuondoka, na mkia unafuata tu. Pigo zito zaidi lilikuja 2014, maabara ya David Bartel ilipopima mikia ya maelfu ya jumbe kwa pamoja. Katika viinitete vichanga vya chura na vya samaki zebra, ujumbe wenye mkia mrefu ulisomwa zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini kiinitete kilipofika hatua ya gastrula, seli zinapoanza kujipanga katika tabaka, uhusiano huo ulififia. Katika hamira na seli za kawaida za mamalia haukuonekana kabisa.

Hapo ndipo pande mbili zilipoanza kuzungumza kila mmoja na wake. Waliofanya kazi na mayai waliona mkia ni mfalme, na waliofanya kazi na seli za mwili waliona ni mlinzi tu wa ujumbe usioze. Mimi naona wote walikuwa wakisema kweli, ila hawakuuliza yai linakosa nini.

Kazi ya 2021 ya Kehui Xiang na Bartel iliuliza. Mkia hauna nguvu peke yake. Unashikwa na protini iitwayo PABPC, ambayo ndiyo husaidia ujumbe kusomwa. Katika yai changa la chura protini hii ni haba. Jumbe zinaigombania kama abiria wanavyogombania viti vya daladala jioni, na wenye mkia mrefu wanapata nafasi zaidi ya kuishika. Watafiti walipoongeza PABPC ndani ya yai, jumbe zenye mikia mifupi zikaanza kusomwa vizuri, na faida ya mkia mrefu ikapungua. Seli za mwili wa mamalia zina PABPC ya kutosha, na tena zina njia ya kuharibu haraka ujumbe uliokosa protini hiyo. Kule mkia unalinda uhai wa ujumbe kuliko unavyoamua kasi ya kuusoma. Uhaba ndio unaoufanya mkia mrefu uwe na nguvu.

Hili linagusa watu. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech, ambayo nayo ni ujumbe wa RNA, ina mkia wa adenini 30, kiungo kifupi, kisha 70. Ukichukua kanuni ya yai la chura ukaipeleka moja kwa moja kwenye seli za misuli ya bega, utakosea. Kwa upande wa uzazi hali ni tofauti. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba mabadiliko katika jeni ya PATL2 hufanya mayai ya baadhi ya wanawake yakwame bila kukomaa, na protini inayofanana nayo katika chura ilishajulikana kukaa na jumbe zilizozuiwa. Hapo chura ni mwongozo ninaoweza kuuamini, kwa sababu tunalinganisha yai na yai. Anayechunguza mayai ya wanawake hao, akipima urefu wa mikia bila kupima pia protini inayoishika, atapata nusu ya habari, na nusu hiyo inaweza kumpeleka kwenye tiba isiyofaa.