Kinyesi cha ng'ombe, mkono ulioungua na hoja ya vibonzo

Mpelekee mtaalamu wa afya rasimu ya vibonzo kuhusu malaria, na mara nyingi swali la kwanza litakuwa: "Hii ni ya watoto?" Hofu yake ina msingi. Wengi wetu tumezoea vibonzo vya gazetini, vya kuchekesha, na ugonjwa si mzaha. Tena mchoro hupotosha kirahisi. Mchore mbu mkubwa kama kuku ili miguu yake ionekane, na atatokea msomaji wa kukwambia kwamba kwao mbu wa namna hiyo hawapo. Mshale, alama ya mkasi, duara la kukuza kitu: yote hayo hufundishwa shuleni, hakuna anayezaliwa akiyajua.

Lakini kuna jaribio la Uganda ambalo wakosoaji hulipita mbio. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Lilihusu shule za msingi 120 na watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha vibonzo. Kitabu hakikuhubiri kunawa mikono. Kilifundisha kuuliza: anayedai dawa fulani inaponya, amejuaje? Katika kisa kimoja, mtoto anaungua mkono, anaambiwa apake kinyesi cha ng'ombe. Kasuku yupo pembeni akikariri madai ya watu. Masomo yalikuwa 9, ya dakika 80 kila moja, muhula mmoja basi. Mtihani ulikuwa na maswali 24, na kufaulu ni kupata 13 au zaidi. Kati ya waliosoma kitabu, asilimia 69 walifaulu; kati ya wasiosoma, 27.

Je, tofauti hiyo yote ni ya vibonzo? Hapana. Walimu walipewa semina na mwongozo, na shule nyingine hazikupewa kitabu chochote cha kulinganisha, hata cha maandishi matupu. Kilichopimwa ni mchoro, mwalimu na kipindi kwa pamoja. Tena kujibu mtihani si sawa na kukataa kinyesi siku mkono unapoungua kweli. Mwaka mmoja baadaye waliofaulu walikuwa asilimia 80 ya waliosoma, na 52 ya wenzao. Pengo lilipungua, ndiyo, lakini kwa sababu wenzao walipanda, waliosoma hawakusahau. Na somo lenyewe ni kulinganisha kundi lililotumia dawa na lisilotumia. Ukiyaandika hayo kwa aya, mtoto wa miaka 11 anapotea njiani. Yaweke katika visanduku viwili ubavu kwa ubavu, na mlinganisho unaonekana kabla hajasoma neno.

Kazi nyingi zinazoshindwa huwa zimeharakishwa. Njia bora ni hii: mchoro unapelekwa kwa wasomaji ukiwa bado wa penseli, kabla ya rangi, maana kufuta hakugharimu. Maneno yanafunikwa, kisha mtu anaulizwa: "Unaona nini hapa? Kabla ya hapa kilitokea nini?" Usimuulize "Umeelewa?", kwa sababu ataitikia kwa adabu tu. Akianza kisanduku cha chini kabla ya cha juu, kosa ni la mpangilio wa ukurasa. Na hadithi iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo: tafsiri kutoka Kiingereza mara nyingi huwa ndefu kuliko kiputo cha maneno kilichochorwa, herufi zinapunguzwa ili zienee, na mzee asiye na miwani anabaki akitazama picha.