Mpimeni akitembea kwanza

"TCA 2/52", yaani "to come again", arudi baada ya wiki 2. Chini ya orodha ya dawa, hayo ndiyo maelezo pekee ya utunzaji kwenye karatasi nyingi za kutoka wodini. Mzee wa miaka 60 amelazwa siku 12 kwa nimonia ya virusi, oksijeni imetolewa jana, na leo binti yake anaambiwa amrudishe baada ya wiki 2. Hizo wiki 2 ataishi vipi? Hakuna aliyemwambia, na hilo linaniudhi sana.

Karatasi imetiwa sahihi kwa sababu kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kimesoma asilimia 94 mzee akiwa amelala. Lakini nyumbani hatashinda amelala. Apimwe baada ya kutembea hatua 40, au akae na kusimama mfululizo kwa dakika 1 bila kujishikilia. Namba ikishuka kwa 3 au zaidi, daktari amwangalie upya kabla hajatoka. Tena muulizeni anakwenda wapi. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya bahari, Molo karibu 2,500. Namba iliyotosha wodini inaweza isitoshe kule juu kwenye hewa nyepesi, na jamaa wanabaki kushangaa mbona mgonjwa aliyepona anahema.

Shida kubwa kuliko zote ni choo. Mtu akilala wiki 2, misuli ya mapaja hunywea, na kuchuchumaa juu ya shimo kisha kuinuka ni kazi nzito kwa mapaja hayo. Akijikamua, anabana pumzi. Akisimama, kizunguzungu kinamshika, anaanguka. Asipoanguka ataogopa, na mwenye hofu ya choo hupunguza kula na kunywa bila kumwambia mtu. Familia inasema hana hamu ya chakula, kumbe anakwepa safari ya msalani.

Dawa yake ni viti 2 vya plastiki vyenye mikono, kimoja kimepachikwa ndani ya kingine, kwa sababu kimoja kikikatwa katikati hulegea. Kata tundu la sentimita 20 hivi kwenye vyote, lainisha kingo kwa msasa, viweke juu ya shimo, na mtu mzito kuliko mgonjwa avikalie kwanza. Sakafu iwe kavu, maana miguu ya plastiki huteleza. Mikono ya kiti ndiyo atakayosukumia kuinuka. Usiku tumieni ndoo chumbani, na msione haya.

Kuoga pia aoge ameketi, maji yawe vuguvugu, mlango uachwe wazi kidogo kwa sababu mvuke humzidishia kuhema. Pumzi ikimpanda, aketi, ainame mbele, viwiko juu ya magoti, avute hewa puani kwa hesabu ya 2 na kuitoa kwa hesabu ya 4, midomo ikiwa kama ya mtu anayepoza chai.

Mapaja yarudishwe polepole: kuketi na kusimama mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Ongezeni mara 1 kila siku ikiwa bado anaweza kumaliza sentensi bila kukatika. Akiamka kesho yake amechoka kupindukia, punguzeni. Wageni wa pole nao wasimkalishe sebuleni mchana kutwa.

Chakula kiwe kidogo mara 5 au 6 kwa siku, chenye mayai, maziwa, maharagwe, omena. Asikae karibu na moshi wa kuni. Aliyepewa deksamethasoni, dawa inayoweza kupandisha sukari ya damu, apimwe sukari, hasa mwenye kisukari.

Nakubali, wauguzi ni wachache na vitanda vinasubiriwa. Lakini kuuliza "choo chenu ni cha kuchuchumaa?" kunachukua sekunde chache, na mzee kutembea hatua 40 hakumalizi dakika 2.

Kikohozi kikipita wiki 2, aombe kupimwa TB. Kipimo ni bure katika vituo vya serikali. Na midomo ikigeuka rangi, akianza kuchanganyikiwa, akikohoa damu, kifua kikimbana, homa ikirudi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku. Tarehe ya TCA haihusiki hapo.