Barua ya wazazi au risiti ya mahari?

Ukienda kuandikisha ndoa katika parokia au usharika wa Tanzania, pamoja na vyeti vya ubatizo na kipaimara, mara nyingi utaombwa barua ya wazazi wa binti. Barua yenyewe husema wameridhia. Lakini sehemu nyingi baba haiandiki mpaka apokee mahari, yote au ya kumtosha. Bila barua hakuna matangazo, bila matangazo hakuna ndoa, na wawili ambao tayari wanaishi pamoja hubaki wamezuiwa meza ya Bwana. Deni la ng'ombe wanne limekuwa pingamizi la sakramenti.

Wanaoitetea barua hiyo wana hoja nzito. Matangazo ya Jumapili tatu katika parokia ya mjini, ambako hakuna anayemjua bwana harusi wala kwao, hayafichui kitu. Washenga wanaokwenda na kurudi ndio wanaogundua kwamba kijana ana mke kijijini. Wazee waliokaa pamoja siku ya posa ndio watakaoitwa ndoa ikiyumba. Tena mahari si jambo geni kwa Biblia: Kutoka 22:16-17 inamtaka mwanamume aliyemshawishi msichana alipe mahari hata kama baba atakataa kumwoza. Hapo mahari inamlinda binti asichezewe na kuachwa. Kanisa likiacha kuuliza juu ya wazazi, wa kwanza kufurahi atakuwa kijana mjanja.

Hoja hizo zote, hata hivyo, zinatetea ridhaa ya familia. Hazitetei malipo. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni 1057, inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wanaooana wenyewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inaihesabu ndoa kuwa halali hata kama mila ya mahari haikufuatwa. Kenya, katika sheria ya mwaka 2014, hata kwa ndoa ya kimila kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuithibitisha. Ofisi ya kanisa inayongoja ng'ombe wa mwisho inadai zaidi ya kinachodaiwa kwa ndoa ya kimila pale Kenya.

Tatizo kubwa liko kwenye namna deni linavyokua. Orodha ya mahari ina ng'ombe, mara nyingi waliogeuzwa kuwa fedha, mkaja wa mama, blanketi la bibi, vya wajomba. Mtoto akizaliwa kabla ya kumaliza, huongezwa faini, na katika baadhi ya jamii mtoto huyo huhesabiwa wa ukoo wa mama mpaka alipiwe. Kwa hiyo kila mwaka kanisa linaposubiri, mzigo unaongezeka, na wawili walioomba kufunga ndoa wanazidi kuwa mbali nayo. Wao ndio waliotengwa. Baba aliyekataa kupunguza hata ndama mmoja anashiriki komunyo kila Jumapili, na huenda ni mzee wa kanisa. Raheli na Lea walimweleza Yakobo malalamiko hayo hayo juu ya baba yao Labani katika Mwanzo 31:15: ametuuza, na fedha yetu ameila. Marudi ya kanisa, yaani adhabu yake, yamemwangukia asiye na uwezo wa kuamua.

Ofisi inaweza kutenganisha mambo haya bila kudharau wazazi. Baba aitwe na aulizwe maswali mawili, moja baada ya jingine: je, unamkataa kijana huyu kwa tabia au kwa sababu ana mke mwingine? Kama ndiyo, matangazo yasimame na jambo lichunguzwe. Kama hapana, je, kilichobaki ni mahari tu? Hapo barua iandikwe kwa sentensi ya ridhaa peke yake. Deni liandikwe kwenye karatasi nyingine, likiwa na kiasi, tarehe na sahihi za pande mbili, na likae kwa wazee wa koo. Lisiingie kwenye faili la parokia.

Tarehe hizo zisipuuzwe. Ndoa ikifungwa na deni likaachwa hewani, ndugu wa mume huona wamesamehewa, na mke huja kusimangwa ukweni kwamba alitolewa bure. Hilo ndilo linalowafanya baadhi ya kina mama wenyewe wasitake kufunga ndoa kabla mahari haijakwisha, na wasikilizwe.

Upande wa kijana nao upimwe. Aliyeunda kamati ya harusi, akachangisha na kulipia ukumbi, hawezi kusema mahari imemshinda. Aanze na wakwe. Asiye na kitu kweli afungishwe katika ibada ya kawaida ya asubuhi, mashahidi wawili wakisimama, bila kulazimishwa suti wala keki.

Kwa waliokwisha tengwa miaka mingi, mchungaji au paroko apitie daftari jina kwa jina na kuuliza ni nani hasa aliyezuia ndoa isifungwe. Akikuta ni baba, safari ya kwanza iwe nyumbani kwa baba huyo, na mazungumzo ya toba yaanzie kwake.