Pembetatu Ndogo Iliyo Juu ya Upeo

Mwanafunzi wa urubani anapokaa kwa mara ya kwanza mbele ya skrini ya kisasa, macho yake hukimbilia tarakimu za mwendo kushoto na za kimo kulia, ilhali kitu kinachoeleza ndege imekaaje angani kiko katikati: buluu ya anga, kahawia ya ardhi na mstari wa upeo unaozitenga. Naamini tunawaharakisha wanafunzi kupita hapo, kwa kudhani kwamba picha hiyo inajieleza yenyewe.

Haijielezi. Ndege ikilalia kushoto kwa nyuzi 30, alama ya ndege iliyochorwa katikati ya skrini haitikisiki. Ni upeo unaopanda upande wa kushoto na kushuka kulia. Juu yake kuna pembetatu ndogo inayosomwa kwenye kipimo cha mlalo, yaani alama za nyuzi zinazoonyesha ndege imelala kiasi gani, na hapo ndipo penye mtego. Katika skrini za aina moja, kipimo kimetulia na pembetatu husogea ikielekea angani, kwa hiyo katika mlalo huo wa kushoto utaiona kulia. Katika nyingine, pembetatu imetulia na kipimo ndicho kinachozunguka pamoja na upeo, nawe utasoma alama za kushoto. Zote mbili zinasema kweli, lakini rubani aliyezoea moja, akishtuliwa usiku ndani ya mawingu, anaweza kugeuza usukani upande usiofaa.

Vyombo vya Kisovieti vilitofautiana zaidi: alama ya ndege ndiyo iliyolala, upeo ukabaki sawa. Boeing 737 ilipoanguka Perm, Urusi, tarehe 14 Septemba 2008 na kuua watu wote 88, wachunguzi walitaja, pamoja na sababu nyingine, kwamba marubani hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kusoma kiashiria cha mtindo wa Magharibi, ambamo upeo ndio unaolala. Sikio la ndani, linalotupa hisia ya usawa wa mwili, haliwezi kumwokoa mtu hapo, maana mlalo unaoingia polepole halihisi kabisa.

Kwa hiyo nashikilia kwamba hakuna rubani anayepaswa kuhamia skrini ngeni kwa kusoma kitabu tu. Aketishwe kwenye simuleta, yaani mashine inayoiga urukaji wa ndege, afumbe macho, mwalimu ailaze ndege vibaya; akifumbua, ataje kwa sauti bawa lililo chini kabla hajagusa usukani, na zoezi lirudiwe mpaka jibu lije bila kusita.