Kuidhibiti kwanta bila kuivuruga

Mtambo unaojirekebisha hupima, hulinganisha, kisha husahihisha. Mwanafizikia James Clerk Maxwell aliuwekea mzunguko huo, uitwao mrejesho, msingi wa hesabu mwaka 1868, alipochambua vidhibiti mwendo vya injini za mvuke. Leo wahandisi wanataka kuutumia kwa atomi, fotoni (chembe za mwanga) na kyubiti (vipande vya msingi vya taarifa katika kompyuta za kwanta), na kikwazo kiko kwenye hatua ya kwanza: katika kwanta, yaani ulimwengu wa vitu vidogo mno, kupima ni kugusa, na kugusa ni kuvuruga.

Ndiyo sababu wengi hudhibiti bila kupima. Umbo la pulsi, yaani mpigo mfupi wa mawimbi, hupangwa mapema kwa kompyuta, kisha hurushwa lilivyo. Njia hiyo ina asili nzuri: mwaka 1950 mwanafizikia Erwin Hahn alionyesha kwamba pulsi ya pili ikipigwa kwa wakati wake, spini (sumaku ndogo za ndani ya atomi) zilizopoteana hurudi pamoja na kutoa mwangwi. Ila mpango wa mapema hauwi bora kuliko hesabu uliyojengwa juu yake. Masafa ya kyubiti yakihama kidogo tu, pulsi ya jana hukosa shabaha, na kwenye mashine ya mamia ya kyubiti kazi ya kurekebisha haina mwisho.

Wenye shaka husema basi njia ya mrejesho imefungwa. Sikubaliani nao. Mwaka 2011, kundi la mwanafizikia Serge Haroche jijini Paris lilinasa fotoni za maikrowevu kati ya vioo viwili, likapitisha atomi moja baada ya nyingine, kila moja ikitoka na taarifa kidogo tu. Kompyuta ilikadiria hali ya ndani na kuamuru wimbi dogo la kusahihisha, na idadi ya fotoni ikashikiliwa pale ilipotakiwa, hadi 4. Kilichonivutia zaidi ni uchaguzi wa kipimo: atomi hizo zilivuruga awamu ya wimbi (mahali lilipofika katika mzunguko wake), wala hazikumeza fotoni. Uvurugaji ulikuwepo, lakini ulielekezwa pasipodhuru.

Hapo wenye shaka wanabaki na hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni muda. Mrejesho lazima ukamilike kabla hali haijafifia, na kwenye kyubiti nyingi kusoma jibu huchukua muda mrefu kuliko operesheni yenyewe. Kwa hiyo sitarajii udhibiti uzibe pengo la vifaa duni katika kompyuta za kwanta. Kwenye vihisi hali ni tofauti: kasoro moja ndani ya almasi, ikiongozwa kwa pulsi zilizotokana na mwangwi wa Hahn, tayari hugundua uga sumaku hafifu mno, bila kungoja kyubiti elfu zikubaliane.