Kamera ya Mkanda Ianzie kwa Fundi Saa

Siku hizi nikionekana tu na kamera ya mkanda pale Kirumba, Mwanza, haupiti muda kijana anakuja kuniuliza filamu zinapatikana wapi. Swali zuri, ila limekuja mapema. Filamu ya picha 36 si bei ya mchezo, na kuitia kwenye kamera iliyolala kabatini tangu enzi za baba ni kucheza bahati nasibu. Fufua kamera kwanza. Na fundi wa kukusaidia si yule wa simu, ni fundi saa.

Wengi wanazitamani zile ndogo za miaka ya 1990, zinazovuta filamu zenyewe na kuchomoza lenzi zenyewe. Tamu kweli zikiwa hai. Saketi ikifa, spea yake ni kamera nyingine mbovu. Tena ukikuta yenye flashi ndani, usiifungue kwa udadisi: kapasita yake huweza kutunza volti kama 300 hata betri ikiwa imeshatolewa.

Mimi nasimama na Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Haitumii betri. Kile kioo chenye vinundu kinachoizunguka lenzi ni seli ya seleniamu. Mwanga ukiipiga inatoa umeme kidogo wa kusogeza sindano ya pimamwanga. Shata, yaani kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, ina kasi mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde. Ukiikuta soko la Mlango Mmoja katikati ya mitumba, usianze na bei. Zungusha gurudumu la kuvutia filamu mpaka likome, weka pete ya lenzi kwenye A, yaani kamera ijipimie mwanga yenyewe, ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kichomoze kwenye dirisha la kuchungulia na shata igome. Ondoa mkono, elekeza kwenye mwanga: ikubali.

Kibendera kisipotii hata juani, huenda seli imechoka. Hapo ndipo pa kushusha bei, si pa kukimbia. Ukiitoa kwenye A na kuweka f/22, yaani tundu dogo kabisa la lenzi, kamera inabaki kwenye kasi ya 1/40. Tia filamu ya ISO 100 (hicho ni kipimo cha wepesi wa filamu kwa mwanga) na kwa jua letu la saa saba mchana utapata picha bila pimamwanga yoyote.

Ugonjwa wake mkubwa ni vile vibati vyembamba vya tundu la lenzi kushikwa na mafuta yaliyoganda. Hapo ndipo ninapompelekea mzee wangu wa saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo nayo inasoma saa ngapi?"

Anatania, lakini ana kikuzio cha jicho na bisibisi ambazo fundi simu mwenyewe angezionea wivu. Kitu kimoja tu umkumbushe: kabla hajafungua lenzi ya mbele, aweke alama mahali ilipokaa. Ikirudi imekosea mzunguko kidogo, kila picha itakuwa na ukungu. Vibati vinasafishwa kwa petroli ya kujazia viberiti, kidogo kidogo, huku vikichezeshwa mpaka vikauke na kuteleza.

Sponji za mlango wa nyuma fanya mwenyewe. Zimegeuka lami, zinanata vidoleni, na mwanga unapenya na kuacha michirizi kwenye picha. Zikwangue kwa njiti ya meno na spiriti, kisha laza uzi mweusi wa kufumia kwenye mfereji. Basi.

Unyevu wa ziwa nao usiudharau. Kuvu hupenda lenzi, na mfuko wa ngozi wa kamera ndio nyumba yake. Mfuko huo uache ukae kama pambo. Kamera iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vijipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.

Sasa ndiyo tuzungumze filamu, na naomba iwe ya nyeusi na nyeupe. Dawa ya kusafishia filamu ya rangi inataka nyuzi 38 bila kuyumba, kazi ngumu kwa beseni. Nyeusi na nyeupe inasafishika hata kwa kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, na vitamini C. Mzizi wa njia hiyo ulizaliwa mwaka 1995 kwenye chuo kimoja cha Rochester, Marekani, vitamini C ikaongezwa baadaye, na wanaoitumia huisifu kahawa ya robusta kuliko arabika. Robusta hiyo ndiyo inayolimwa kwa wingi ng'ambo ya ziwa, Kagera, kwa hiyo angalau kwa hili sisi hatuko mbali na duka. Kinachobaki cha kuagiza ni "hypo", ile dawa ya kuigandisha picha isiendelee kuathirika na mwanga. Hiyo haina mbadala wa haraka jikoni.