Boila Inayonguruma Si ya Kuzoea

Kwa majira mawili ya baridi, boila ya jikoni kwangu hapa mashariki ya London, mashine ya gesi inayopasha joto nyumba na maji, ilikuwa ikiniamsha kabla ya adhana ya simu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri inawaka, inatulia dakika mbili hivi, halafu inaanza. Kwanza mvumo mdogo, kisha kishindo juu ya kishindo, kama sufuria ya maharage iliyofunikwa na mfuniko unarukaruka. Mwanangu mdogo alikuwa anakuja chumbani kwangu na blanketi lake. Nami namwambia, "Lala mama, ni boila tu."

Hiyo "tu" ndiyo ninayoijutia.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumefika huku hatujawahi kuishi na mashine hii. Mimi nimekulia Tanga. Joto la nyumbani hakuna aliyelilipia. Huku unakuta sanduku limetundikwa ukutani, ndani kuna gesi na moto, na nyumba si yako. Kwa hiyo tunaliogopa mara mbili: tunaogopa kuligusa, na tunaogopa kulisema, mwenye nyumba asije akatuona wasumbufu. Tunavumilia. Katika mambo mengi uvumilivu wetu naupenda, lakini hapa unatuponza.

Kabla ya London niliishi Glasgow miaka minne, na birika langu la umeme lilibaki jeupe ndani kama siku nililolinunua. Glasgow inakunywa maji ya Loch Katrine tangu 1859, na maji yale ni laini. Ya London yametoka kwenye nchi ya mawe ya chokaa. Ndiyo yale maji magumu tuliyosoma kwenye kemia. Ukiyachemsha, chokaa inaganda. Ndani ya boila inaganda pale pale moto unapokutana na maji, inafanya ukoko, joto linakwama, na maji yaliyo karibu na ukoko yanachemka kwa vijipovu vinavyopasuka kimoja baada ya kingine. Hicho ndicho kishindo cha alfajiri.

Ila hiyo ilikuwa nusu ya habari. Fundi alipokuja hatimaye, kabla hajafungua begi aliniuliza, "Unaongeza maji mara ngapi?" Nikamwambia kila Jumapili. Mshale wa presha ulikuwa unashuka chini ya 1, nami nafungua valvu ya chini mpaka ufike 1.5, kama wakala wa nyumba alivyonielekeza kwenye simu. Fundi akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba maji yanayozunguka kwenye rejeta, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba joto, hayatakiwi kubadilishwa. Ni yale yale miaka nenda miaka rudi, na chokaa kidogo iliyokuja nayo inaganda mara moja basi. Ukiongeza maji kila wiki, unaingiza chokaa mpya na hewa mpya, na hewa inakula chuma cha rejeta. Mwenye gari atanielewa: rejeta inayojazwa maji ya bomba kila asubuhi haidumu, na swali la kwanza la makanika ni yanavujia wapi.

Yalikuwa yanavujia chumbani, chini ya zulia, kwenye maungio ya rejeta iliyo nyuma ya kitanda cha mtoto. Tone, kisha tone. Ubao wa sakafu ulikuwa umelainika, unabonyea kwa kidole. Fundi alimwaga maji kidogo kwenye ndoo, yakatoka meusi kama wino. Akachovya sumaku, akaitoa imeota ndevu nyeusi. Ile ni kutu ya rejeta zangu, iliyokuwa inazungushwa na pampu na kwenda kukaa juu ya ile chokaa.

Alikaza maungio, akasafisha mabomba, akafunga chujio lenye sumaku, akatia dawa ya kuzuia kutu, na akashusha joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta kutoka 75 hadi 60. Kesho yake alfajiri niliamshwa na simu.

Kilichoniuma ni miezi iliyopotea. Nilimpigia wakala simu mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Cheti cha gesi kipo." Ni kweli kilikuwepo. Kanuni za usalama wa gesi za 1998 zinamtaka mwenye nyumba afanyishe ukaguzi kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ndani ya siku 28. Lakini ukaguzi ule ni wa usalama, si sevisi. Boila inaweza kupita huku inanguruma. Kinachohusu kunguruma ni kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, inayotumika huku England: mitambo ya kupasha nyumba joto na maji ya moto mwenye nyumba lazima aitunze ifanye kazi sawasawa. Nilipoandika barua yenye kifungu hicho, picha za mshale wa kila Jumapili na sauti niliyoirekodi, fundi alikuja ndani ya siku tisa. Simu hazikuacha alama yoyote. Barua iliacha.

Si kila sauti ni ya kuandikia barua. Rejeta ikibwabwaja juu na kuwa baridi huko juu, ni hewa: zima, acha ipoe, fungua kwa ufunguo wake mdogo mpaka maji yachungulie, kisha tazama presha. Usiku wa barafu boila ikigugumia na kuzima, huenda bomba la plastiki la nje limeganda. Limwagie maji ya vuguvugu, yasiwe ya kuchemka. Mfuniko wa boila wenyewe usiuguse, na anayeugusa akuonyeshe kitambulisho cha Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, mbele na nyuma. Na kama mnaumwa vichwa mkiwa ndani na kupona mkitoka, au moto unaonekana wa njano badala ya bluu, zimeni, fungueni madirisha, tokeni, pigeni 0800 111 999. Tangu Oktoba 1, 2022, mwenye nyumba huku England anatakiwa aweke king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayoumiza vichwa hivyo, kwenye chumba chenye boila ya gesi. Kama hakipo, kidaini leo.

Mama wa ghorofa ya chini, mtu wa Bukavu, alinisimamisha ngazini juzi. "Iko inalia, mwanangu," aliniambia, "lakini nimezoea." Nikamuuliza anaongeza maji mara ngapi. Jumamosi nashuka kwake na simu yangu kurekodi, tuandike barua yake pamoja.